Rangi, Vitu vya Kumbukumbu na Vishikio: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kupamba Nyumba

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya mtu anayetaka nyumba yake ifanane na wanaoishi ndani yake. Mambo matatu yanajadiliwa kwa pamoja, kwa sababu katika kazi yenyewe hayatengani: rangi za kuta na samani, vitu ambavyo mwenye nyumba amevitunza kwa ajili ya historia yake, na vifaa vidogo ambavyo mkono huvigusa kila siku, yaani vitasa, vishikio vya droo na kabati, bawaba, makomeo na kulabu.

Nianze na nini kati ya rangi, vitu vyangu na vishikio?

Anza na vitu ulivyonavyo tayari. Watu wengi huanza na rangi ya ukuta, kwa kuwa ndiyo inayoonekana zaidi, kisha hutafuta vitu vya kulingana nayo. Utaratibu huo una kasoro moja kubwa: rangi ya ukuta huchanganywa kwa kipimo chochote unachotaka, lakini sanduku la bibi, kitambaa alichofuma mama au mchoro ulionunuliwa safarini vipo kimoja kimoja na havibadiliki. Kisichobadilika ndicho kinachopaswa kuongoza kinachobadilika.

Kwa hiyo kusanya kwanza vitu unavyotaka kuishi navyo, uvipange sakafuni katika chumba chenyewe pamoja na mapazia, mazulia na samani zitakazobaki, na uviache hapo kwa siku kadhaa. Utaanza kuona rangi zinazojirudia bila wewe kuzipanga, na hizo ndizo zitakazokuongoza dukani. Vishikio navyo vichaguliwe kabla ya kupaka rangi, ingawa vitafungwa mwishoni kabisa. Sababu yake ni ya kiufundi: kishikio kipya mara nyingi huwa na umbali tofauti kati ya matundu yake, na matundu ya zamani yanapaswa kuzibwa kwa puti na kusuguliwa kwa msasa kabla brashi haijagusa mbao. Anayesubiri mpaka rangi ikauke ndipo atafute vishikio hulazimika kupaka mara mbili.

Nina vitu vingi vya kumbukumbu. Nitajuaje kipi kiwekwe wazi na kipi kihifadhiwe?

Bei ya kitu isikuongoze, wala uzuri wake peke yake. Kichukue mkononi ujaribu kueleza kwa sentensi moja au mbili kimetoka wapi na kwa nini bado unacho. Kitu ambacho maelezo yake yanakuja haraka kina haki ya kukaa mahali pa kuonekana, hata kikiwa ni funguo za nyumba iliyokwisha kuuzwa, mkasi wa fundi cherehani aliyefariki au redio isiyotoa sauti tena. Kitu ambacho unashindwa kukieleza huenda ulikipokea kwa adabu tu, na hakuna ubaya kukiondoa sebuleni.

Baada ya kuchagua, vikusanye badala ya kuvitawanya. Mawe kumi na mawili yaliyookotwa ufukweni, yakitapakaa nyumba nzima, huonekana kama uchafu ambao hakuna aliyeufagia. Yakiwekwa kwenye rafu moja yanakuwa mkusanyo wenye maana, na mgeni huuliza habari zake. Vitu vya kikundi kimoja visilingane urefu, na kimoja kiwe kikubwa kuliko vingine ili jicho lipate pa kuanzia. Acha nafasi tupu kuzunguka kikundi hicho. Nafasi tupu ndiyo inayomwambia mtazamaji kwamba vitu hivi vimewekwa hapo kwa makusudi, na rafu iliyojaa mpaka ukingoni humnyima taarifa hiyo.

Vilivyobaki visitupwe. Viweke kwenye masanduku yenye maandishi ya kueleza kilichomo, na kila baada ya miezi michache ubadilishane vya ndani na vya nje. Macho huzoea kitu kinachokaa mahali pamoja hadi yakaacha kukiona, na mzunguko huo huvirudishia vitu upya wake huku ukivipumzisha kutokana na mwanga.

Nichukueje rangi ya ukuta kutoka kwenye kitu ninachokipenda?

Usichukue rangi inayotawala kitu hicho. Ukiwa na zulia jekundu na ukapaka kuta nyekundu, zulia litapotea ndani ya chumba, na hapo umelipoteza jambo ulilotaka kuliinua. Tafuta rangi inayoonekana kidogo: uzi wa pembeni, kivuli kilicho nyuma ya sura katika mchoro, rangi ya udongo chini ya mng'ao wa chungu. Rangi ya namna hiyo ikienezwa ukutani hukiita kitu bila kushindana nacho.

Ni vigumu kuiona rangi moja ikiwa imezungukwa na nyingine, kwa hiyo kata tundu dogo katikati ya karatasi ya kijivu isiyokolea na uliweke juu ya sehemu unayoichunguza. Rangi itakayobaki ndani ya tundu itakushangaza mara nyingi. Kile ulichodhani ni nyeusi huwa ni kahawia iliyokolea au buluu ya usiku. Ulinganishe kipande hicho na kadi za rangi, kisha uchague rangi iliyopoa kidogo kuliko uliyoipenda. Kuta zinazotazamana hurudishiana mwanga, na hivyo rangi ile ile huonekana kali zaidi ikizunguka chumba kuliko ikiwa kwenye kadi ya ukubwa wa kiganja.

Jambo la mwisho ni tofauti ya giza na weupe, ambayo ina uzito kuliko jina la rangi. Kitu cheusi mbele ya ukuta uliokolea humezwa hata kama rangi hizo mbili ni za jamii tofauti kabisa. Kipige picha kwa simu mbele ya kadi ya rangi unayoifikiria, uigeuze picha iwe nyeusi na nyeupe, na utazame kama umbo la kitu bado linajitenga na kilicho nyuma yake.

Kwa nini rangi niliyoipenda dukani inaonekana nyingine kabisa ikishapakwa nyumbani?

Kwa sababu tunachokiona ni mwanga uliogonga ukuta na kurudi machoni, na mwanga wa dukani si mwanga wa nyumbani kwako. Mbali na ikweta, katika nusu ya kaskazini ya dunia, chumba chenye madirisha yanayotazama kaskazini hupata mwanga wa anga bila jua la moja kwa moja kwa sehemu kubwa ya mwaka, na mwanga huo huelekea kuwa wa kibuluu. Katika nusu ya kusini hali hiyo hukipata chumba kinachotazama kusini. Kijivu kilichoonekana kitulivu dukani huweza kugeuka kuwa buluu ya baridi katika chumba cha namna hiyo. Karibu na ikweta jua huvuka pande zote mbili mwaka unapozunguka, na la kuangalia zaidi huwa ni mashariki na magharibi: chumba cha mashariki hung'aa asubuhi na kupoa mchana, na cha magharibi hupokea mwanga wa manjano na wekundu jioni.

Taa nazo zina rangi yake, inayopimwa kwa Kelvin na kuandikwa kwenye pakiti. Taa ya Kelvin 2700 hutoa mwanga wa manjano unaopendelea nyekundu, kahawia na krimu; ya Kelvin 4000 ni ya wastani; ya Kelvin 6500 ni nyeupe ya kibuluu na huifanya rangi ya krimu ionekane imechoka. Angalia pia kipimo cha uaminifu wa rangi, yaani jinsi taa inavyozionyesha rangi kama zilivyo, ambacho huandikwa kwa herufi CRI au Ra na ukomo wake ni 100. Kwa chumba chenye michoro na vitambaa ningechagua taa ya 90 au zaidi, kwa kuwa taa ya kiwango cha chini hufubaza hasa rangi nyekundu.

Kuna sababu nyingine iliyo ndani ya jicho lenyewe. Mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul alikabidhiwa mwaka 1824 usimamizi wa utiaji rangi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, Paris, na huko alikuta malalamiko kwamba nyuzi nyeusi zilikuwa dhaifu. Alipozichunguza aligundua kwamba zilikuwa na rangi ya kutosha. Udhaifu ulitokana na rangi zilizofumwa kando yake. Mwaka 1839 alichapisha kanuni yake kwamba rangi mbili zikikaa jirani, kila moja hubadilisha jinsi nyingine inavyoonekana machoni. Ndiyo maana ukuta wa kijivu huonekana kuwa na uwaridi ukiwa karibu na pazia la kijani, na kadi iliyotazamwa peke yake dukani haiwezi kukuonya.

Dawa ya yote hayo ni jaribio. Paka rangi mara mbili kwenye ubao au kadi ngumu yenye upande wa angalau sentimita 50, badala ya kupaka juu ya ukuta wa zamani, ambao rangi yake itakupotosha. Uhamishe ubao huo kutoka ukuta hadi ukuta, uutazame asubuhi, mchana na usiku taa zikiwaka, na kila mara uwe kando ya vitu vyako. Rangi na kitambaa vinavyolingana kikamilifu mchana vinaweza kutengana chini ya taa, kwa hiyo usiridhike na jaribio la mwanga mmoja.

Je, chumba kidogo lazima kipakwe rangi nyeupe?

Hapana, na ushauri huo umezinyima nyumba nyingi vyumba vya kupendeza. Rangi nyeupe hurudisha mwanga mwingi, lakini chumba kidogo chenye dirisha dogo hakina mwanga mwingi wa kurudisha, na weupe wake huishia kuwa kijivu chenye huzuni. Rangi iliyokolea katika chumba kama hicho huzifanya pembe zisionekane wazi, na jicho hushindwa kujua ukuta unaishia wapi. Chumba cha kusomea, ukumbi mwembamba na chumba cha kulala cha wageni huvumilia rangi nzito vizuri. Ukiamua hivyo, paka rangi hiyo hiyo kwenye milango, fremu na mbao za chini ya ukuta, kwa sababu mistari myeupe kuzunguka rangi nzito hukata chumba vipande vipande na kukionyesha udogo wake.

Nichague rangi inayong'aa au isiyong'aa?

Rangi isiyong'aa huficha kasoro za ukuta na huonyesha rangi kwa upole, lakini haipendi kusuguliwa. Inayong'aa kiasi hufaa ukumbini, jikoni na mahali pa watoto, kwa kuwa huvumilia kitambaa chenye maji. Inayong'aa sana huonyesha kila kovu la mbao na plasta, kwa hiyo iweke kwenye milango na samani zilizosuguliwa vizuri, ambako vishikio vya metali huonekana vikiwa na mahali pao. Nyuma ya picha na vitu vya kumbukumbu tumia isiyong'aa. Mng'ao wa ukuta hushindana na kioo cha fremu.

Chumba kimoja kiwe na rangi ngapi?

Wapambaji wengi hufundisha uwiano wa asilimia 60, 30 na 10: rangi kuu ya kuta, rangi ya pili ya samani na mapazia, na rangi kali ya vitu vidogo. Ni mwongozo mzuri kwa anayeanza. Ninachosisitiza ni kwamba ile asilimia 10 tayari umekuwa nayo miaka mingi, ikiwa ndani ya vitu vyako, na hakuna haja ya kwenda kununua mito na vyungu vipya ili kuijaza.

Kubadilisha vishikio na vitasa kunaleta tofauti ya kweli?

Kunaleta, na ninaamini hiki ndicho kipengele kinachopuuzwa kuliko vyote katika upambaji wa nyumba. Ukuta tunautazama, lakini kitasa tunakishika, mara nyingi kila siku, gizani na tukiwa na haraka. Uzito wake, ubaridi wake, ncha zake na jinsi kinavyorudi mahali pake ni mambo ambayo mkono huyajua hata mwenyewe asipoyafikiria. Kabati la zamani lenye mwili mzuri wa mbao, likipakwa rangi iliyotokana na kitu unachokipenda na kupewa vishikio imara, huweza kuishi miaka mingi zaidi bila kuhitaji lingine jipya.

Chagua kishikio kwa mkono kabla ya kukichagua kwa macho. Kikiwa ni cha upinde, vidole vinne viingie nyuma yake bila fundo za vidole kukwaruza mlango, na kwa watu wengi nafasi ya takriban sentimita 3 hutosha. Kikiwa cha mviringo, kivute kwa vidole vyenye maji au sabuni uone kama kinateleza. Pitisha kidole kwenye ukingo wa nyuma, ambako wachongaji wazembe huacha ncha kali. Kwa milango ya nyumba yenye wazee au mtu mwenye maumivu ya viungo, kitasa cha mpini wa kubonyeza chini ni bora kuliko cha kuzungusha, kwa kuwa hufunguliwa hata kwa kiwiko.

Vishikio pia ni mahali ambapo kumbukumbu inaweza kuingia katika matumizi. Funguo nzito ya zamani, kipande cha mti kutoka uwanja wa nyumbani, jiwe lililolainishwa na maji au kifungo kikubwa cha koti vinaweza kutobolewa au kufungwa kwenye bamba dogo na kuwa kishikio cha droo moja. Nasema droo moja kwa makusudi, kwa kuwa kishikio cha pekee hupata nguvu yake kutokana na utulivu wa vile vinavyokizunguka. Kulabu nazo zinastahili fikira hiyo hiyo: kofia, kikapu au mkufu wa shanga unaotundikwa kwenye kulabu nzuri huwa pambo siku zote usipovaliwa wala kutumiwa.

Nitajuaje kishikio kimetengenezwa kwa metali gani, na ipi ni bora?

Shaba ya manjano ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki. Bronzi kwa kawaida ni shaba nyekundu na bati. Zote mbili hubadilika zikikutana na hewa na jasho la mikono, hukolea na kupata madoa ya kahawia, isipokuwa zikiwa zimepakwa vanishi kiwandani. Wapo wanaopenda mabadiliko hayo na wapo wanaoyachukia, na ni vyema ujijue uko upande gani kabla ya kununua. Mimi naipendelea shaba isiyopakwa kitu, kwa kuwa sehemu zinazoguswa zaidi hubaki zikimetameta na zilizobaki hutulia, na kishikio huandika kwa namna yake matumizi ya nyumba hiyo. Shaba nyekundu na michanganyiko yake yenye shaba nyingi ina faida nyingine, kwamba huua bakteria juu ya uso wake. Mwaka 2008 mamlaka ya mazingira ya Marekani iliisajili rasmi kwa sifa hiyo. Faida hiyo hutegemea ngozi kugusa metali yenyewe, kwa hiyo vanishi huiondoa.

Vishikio vingi vya bei nafuu ni vya aloi (mchanganyiko wa metali) ya zinki iliyopakwa ngozi nyembamba ya nikeli, kromiamu au rangi ya shaba. Si vibaya mahali pasipoguswa sana, lakini ngozi hiyo ikichubuka hairudi. Sumaku husaidia kidogo kutambua: ikinata, ndani kuna chuma. Isiponata bado hujapata uhakika wa shaba, kwa kuwa zinki nayo haivutwi na sumaku. Pima uzito mkononi, kisha tazama ndani ya tundu la skrubu, ambako upakaji huwa hafifu na metali ya ndani hujionyesha: shaba ni ya manjano, zinki ni ya kijivu.

Kwa nyumba iliyo karibu na bahari, chuma cha kawaida kitashika kutu hata kikipakwa rangi. Chagua shaba, bronzi au chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316, ambacho kina metali iitwayo molibdenamu na hustahimili chumvi kuliko kile cha 304. Chunguza na skrubu zenyewe, kwa sababu kishikio kizuri kilichofungwa kwa skrubu dhaifu hulia machozi ya kutu juu ya rangi mpya.

Ninaweza kuchanganya metali za rangi tofauti katika chumba kimoja?

Unaweza. Chagua moja itawale, nyingine ijitokeze mahali pachache, na hakikisha hiyo ya pili inaonekana zaidi ya mara moja ili isifanane na kipuri kilichokosekana. Shaba ina rangi ya joto na kromiamu ina rangi ya baridi, na chuma cheusi hukaa vizuri na zote mbili. Jambo la kuepuka ni shaba mbili zinazokaribiana bila kulingana, kwa mfano kitasa cha manjano safi kando ya bawaba ya manjano iliyofifia, kwa kuwa tofauti ndogo husomeka kama kosa na tofauti kubwa husomeka kama uamuzi.

Ni vipimo gani ninapaswa kuvijua kabla ya kununua vishikio?

Kipimo cha kwanza ni umbali kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya jingine. Vishikio vingi vya kisasa hutumia milimita 96, 128, 160 au 192, ambazo zote ni mafungu ya 32. Samani za zamani zina vipimo vyao, na ukikuta umbali usiolingana na chochote sokoni una njia tatu: kuziba matundu na kutoboa upya, kuweka kishikio chenye bamba la nyuma linalofunika matundu ya zamani, au kutumia kishikio cha mviringo chenye tundu moja katikati. Bamba la nyuma lina faida ya ziada ya kuikinga rangi dhidi ya kucha.

Kwa ukubwa, kishikio chenye urefu wa takriban theluthi moja ya upana wa droo hupendeza macho. Droo inayozidi sentimita 75 hufunguka vizuri zaidi ikiwa na vishikio viwili. Vishikio vya mviringo vyenye kipenyo cha milimita 30 hadi 35 hufaa kabati nyingi; chini ya hapo vidole hupata shida.

Skrubu nazo zipimwe. Unene wa ubao wa milimita 18 huhitaji skrubu ya takriban milimita 25, ili sehemu ya mwisho iingie vya kutosha ndani ya kishikio. Ndefu mno haitakaza, na fupi mno itachomoka siku droo itakapojazwa vitu vizito. Kabla ya kutoboa, tengeneza kigezo cha kadi ngumu chenye matundu mawili na ukitumie kwenye kila mlango. Weka alama kwa msumari ili ncha ya drili isitambae, na ushikilie kipande cha mbao nyuma ya ubao ili usimeguke upande wa pili.

Picha zitundikwe kwa urefu gani?

Katikati ya picha iwe sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni, kwa watu wanaosimama. Katika chumba ambako watu hukaa muda wote, ishushe kidogo. Picha iliyo juu ya kochi iache sentimita 15 hadi 25 kati ya fremu na mgongo wa kochi, na upana wa picha au kikundi cha picha ukaribie theluthi mbili za upana wa samani iliyo chini yake. Kwa kikundi, kata karatasi za ukubwa wa kila fremu na uzibandike ukutani kwa utepe wa karatasi mpaka uridhike na mpangilio, ndipo utoboe. Picha nzito itundikwe kwa skrubu mbili, kwa kuwa moja huiruhusu iyumbe na kupinda kila mlango unapofungwa.

Nizilindeje picha na vitambaa vya zamani nikiviweka wazi?

Adui wa kwanza ni mwanga, na madhara yake hujumlishana. Kilichopauka hakirudi hata kitu kikiwekwa gizani. Majumba ya makumbusho huweka mwanga wa takriban luksi 50 tu (luksi ni kipimo cha mwanga) juu ya nguo, karatasi na michoro ya rangi za maji, kiwango kilicho chini sana ya kile cha sebule ya mchana. Nyumbani huwezi kuishi katika giza hilo, lakini unaweza kuchagua ukuta usiopigwa na jua la moja kwa moja na kuvipumzisha vitu kwa zamu. Kwa picha ya zamani ambayo nakala yake haipo, ushauri wangu ni mmoja tu: ichapishe nakala nzuri, uitundike nakala, na picha halisi uihifadhi mahali pakavu na penye giza ndani ya bahasha isiyo na asidi.

Picha isigusane na kioo cha fremu, kwa sababu unyevu huigandisha na kuichana wakati wa kuitoa. Weka ukingo wa kadi isiyo na asidi kati yake na kioo. Kitambaa usikitundike kwa misumari wala vibanio kwenye ncha zake. Kishonee mfuko mrefu wa kitambaa nyuma, upande wa juu, upitishe fimbo humo, na uzito utagawanyika katika upana wote. Ukuta wa nje wenye unyevu na ukuta wa bafu haufai kwa chochote cha karatasi.

Ninaishi katika nyumba ya kupanga. Nifanye nini?

Omba ruhusa kwa maandishi kabla ya kupaka rangi, na ukinyimwa weka rangi kwenye samani, mapazia na ubao mkubwa unaoegemea ukuta. Vishikio ndivyo rafiki wa mpangaji. Tafuta vyenye umbali wa matundu ule ule, fungua vya zamani, uvitie kwenye mfuko pamoja na skrubu zake na uandike ni vya kabati gani, kisha siku ya kuhama urudishe kila kimoja mahali pake na uondoke na vyako. Vitasa vya milango ya nje na makufuli yake visibadilishwe bila mwenye nyumba kujua.

Mwenzangu na mimi hatupendi vitu vile vile. Tutapatanaje?

Kila mmoja achague idadi sawa ya vitu ambavyo havijadiliwi, hata kama mwingine haoni uzuri wake. Kisha rangi ya ukuta itafutwe katika mahali ambapo vitu vya wote wawili vinakutana, na karibu kila mara mahali hapo papo, mara nyingi katika rangi za udongo, mbao au kijivu chenye joto. Vishikio vya aina moja nyumba nzima husaidia sana hapa: huunganisha vyumba vyenye tabia tofauti bila kumlazimisha mtu yeyote kuacha anachokipenda.

Kuna jambo la usalama la kuzingatia?

Yapo, na la kwanza ni risasi, metali yenye sumu, ndani ya rangi za zamani. Nchi zilipiga marufuku rangi hizo kwa nyakati tofauti. Marekani ilifanya hivyo kwa nyumba za kuishi mwaka 1978. Kama nyumba, mlango au kabati ni la zamani na hujui historia yake, usilisugue likiwa kavu wala usiichome rangi yake, kwa sababu vumbi na moshi wake huwadhuru watoto zaidi ya mtu mwingine yeyote. Lipimwe kwanza. Pia funga rafu na kabati refu ukutani, na usiweke vishikio vidogo vinavyoweza kulegea na kuingia kinywani kwenye droo za chini. Kulabu zisiwekwe kwenye kimo cha macho ya mtoto.

Nisafisheje vishikio bila kuviharibu?

Kitambaa laini, maji ya uvuguvugu na tone la sabuni hutosha, kisha ukaushe mara moja. Dawa za kung'arisha shaba zitumike tu kwenye shaba isiyo na vanishi, kwa kuwa kwenye iliyopakwa huchubua vanishi kwa mabaka. Usimwagie dawa moja kwa moja kwenye kitasa. Huingia ndani ya kufuli na kuchafua rangi ya mlango.

Nitunze nini baada ya kazi kuisha?

Tunza jina na namba ya kila rangi, kiwango chake cha mng'ao na tarehe uliyopaka, vikiwa vimeandikwa kwenye kadi iliyobandikwa nyuma ya droo ya chumba hicho hicho. Weka kishikio kimoja au viwili vya akiba, kwa sababu miundo huacha kutengenezwa bila taarifa. Rangi ya maji iliyobaki ihamishie kwenye mtungi mdogo wa kioo, ujae karibu na mdomo ili hewa isiikaushe, ufunike vizuri na uweke mahali pasipo na joto kali.